Mama Barafu na Rovu Aliloliahirisha

Baada ya miaka thelathini na minne ya utumishi, Mkuu wa Kitengo cha Tishu hospitalini kwetu, ambaye kuanzia mlinzi wa getini hadi mkurugenzi tunamwita Mama Barafu, anastaafu rasmi Ijumaa hii, tarehe 31 Julai. Ofisi ya utumishi imeniomba niandike wasifu wake kwa ajili ya jarida hili la wafanyakazi, na usomwe mbele ya wageni siku ya hafla. Nimeagizwa mambo matatu: niwe mchangamfu, nitaje mafanikio yake, nisilalamike. Mafanikio yapo tele na nitayataja. Uchangamfu nitajitahidi. Hilo la tatu sikuliahidi, maana nimekaa na huyu mama meza moja tangu sina mvi hata moja kichwani, na mtu asiyemlalamikia hajawahi kufanya naye kazi.

Alianzia chini kabisa. Aliajiriwa kama msaidizi wa maabara wakati kitengo chote kilikuwa chumba kimoja nyuma ya sehemu ya kufulia ya hospitali, na mvuke wa mashuka ulikuwa ukipenya dirishani mpaka lenzi za hadubini zinatoka jasho. Kazi yake ilikuwa kukata vipande vya tishu vyembamba kuliko karatasi, kuvipaka rangi na kuvipanga kwenye vioo ili daktari avisome. Waliomtangulia wanasimulia kwamba hata mwezi haukuisha kabla hajamrudishia daktari mmoja kipande, akamwambia kimekatwa ovyo huko kilikotoka na kwamba yeye hawezi kufanya miujiza. Daktari yule alikuwa rika la baba yake. Baadaye alikwenda masomoni, akarudi na shahada mbili, akakabidhiwa kitengo, na sisi tukakabidhiwa yeye.

Kwa wenzetu wa idara nyingine ambao mpaka leo wanadhani sisi ni watu wa kuweka nyama kwenye friji, naomba nieleze kidogo. Hospitali hii inapokea wagonjwa wengi wenye rovu, yaani tezi ya shingoni iliyovimba. Sisi tunataka kujua ndani ya tezi hiyo kunaendelea nini. Kila chembe ya mwili ina jeni zilezile, lakini si zote zinazofanya kazi kwa wakati mmoja: nyingine zinachapa kazi, nyingine zinavuta miguu, nyingine zimelala fofofo. Jeni inayofanya kazi hutoa ujumbe, na ujumbe huo tunaweza kuupima kwa mashine. Kwa hiyo tunachukua kipande cha sehemu iliyovimba na kipande kidogo cha sehemu isiyovimba ya mgonjwa yuleyule, tunalinganisha, tunaona jeni ipi imeongeza bidii na ipi imelegea. Mojawapo ni ile inayoisaidia tezi kufyonza madini joto. Shida ni kwamba ujumbe huo hauna subira. Tishu ikitoka mwilini ikakaa kwenye joto la chumba, unaanza kuvunjika, na ukichelewa unapima takataka. Dawa yake ni kuigandisha papo hapo kwa naitrojeni ya maji, baridi ambayo ukiichezea inaondoka na ngozi yako.

Hapo ndipo jina lilipotokea. Tangu kitengo kianze kupima jeni, Mama Barafu amesimama mwenyewe mlangoni mwa chumba cha upasuaji, kofia ya kijani imeshuka mpaka kwenye nyusi, mtungi wa naitrojeni unafuka moshi miguuni pake. Hakai. Haongei. Ukimsalimia anakutazama kana kwamba umemkanyaga. Tulimshauri amtume mtu mwingine, kwa kuwa mkuu wa kitengo ana mikutano ya kuhudhuria. Alijibu kwamba mikutano haiozi. Kuna mwaka walikuja wageni kutoka wizarani, msafara mzima na wapiga picha, na kiongozi wao akamnyooshea mkono pale koridoni. Mama Barafu alikuwa ametoka mlangoni wakati huohuo na koleo mkononi. "Samahani mheshimiwa, nina shingo ya mtu hapa," akasema, akapasua katikati ya msafara. Ile picha ya wageni wameachama iko mpaka leo kwenye ubao wa chumba cha chai, na barua ya kuomba radhi niliandika mimi.

Sasa nisimulie habari ya mkutano wa kisayansi, maana ikitajwa tu bado natetemeka kwa hasira.

Tulikuwa tumepata matokeo makubwa. Kwenye marovu makubwa tulikuta kundi la jeni limepandisha kazi kwa kiasi cha kutisha, na kwenye marovu madogo jeni hizohizo zimetulia. Mashine ilisema hivyo, tukarudia, ikasema hivyohivyo. Tulipigiana makofi mezani. Muhtasari wetu ulikubaliwa kwenye mkutano wa nje ya nchi, nikashona suti, mke wangu akawaambia majirani. Zilibaki siku chache tusafiri, Mama Barafu akarudi kutoka chumba cha upasuaji akiwa mpole. Akiwa mkali hatuna wasiwasi naye. Akiwa mpole, jua umekwisha.

Akamuuliza daktari wa upasuaji swali moja tu: rovu kubwa analitoaje? Daktari akaeleza kwa madaha kama kawaida yake. Rovu dogo linatoka mara moja. Kubwa ni vita: anafunga kwanza mishipa inayolipelekea damu, halafu anaanza kulibandua taratibu kutoka kwenye njia ya hewa, kwenye misuli, kwenye neva, na kazi hiyo inaweza kula asubuhi nzima. Mama Barafu akatikisa kichwa, akaja kwangu, akafunga daftari langu. Tezi ile, akasema, inakaa bila damu ikiwa bado shingoni, kabla hata sisi hatujaiona. Sisi tunaanza kuhesabu muda inapotoka mlangoni, kumbe yenyewe imeshakabwa zamani. Jeni tunazozishangilia hazitoi siri ya rovu, zinalilia hewa.

Alifuta safari. Alifuta muhtasari. Alituma taarifa kwa waandaaji kwamba tulichopima si kile tulichosema tumepima, akatia sahihi yake peke yake, ili lawama ikija imkute yeye. Hilo nililijua baadaye. Wakati ule nilikuwa nimenuna, na nilinuna vizuri, kwa muda mrefu, nikipitisha chumvi mezani bila kumtazama. Tulianza upya sampuli kwa sampuli. Na kilichoniudhi kupita vyote ni kwamba alikuwa sahihi, na wala hakujisifu. Angejisifu kidogo ningepata pa kushika.

Kutokana na hayo ukazaliwa utaratibu ambao sasa hospitali nzima inaujua. Daktari wa upasuaji akifunga mshipa mkuu wa tezi, lazima atamke kwa sauti, "Mshipa!" na Mama Barafu anaanza kuhesabu hapo, si pale tishu inapotoka. Daktari aligoma mwanzoni. "Mimi ni daktari, si dalali wa mnadani," alisema. Mama Barafu akamjibu kwamba asipotamka, ataingia ndani asimame nyuma ya bega lake amhesabie pumzi. Daktari akatamka. Leo anatamka hata akipasua ngiri, kwa mazoea. Akina mama wa kantini nao wamelichukua: chai ikiiva utasikia "Mshipa!" kutoka jikoni, na foleni inajipanga yenyewe. Maabara za hospitali nyingine zimeuiga utaratibu huo, zikatuma watu wao waje wajifunze kwake. Wengine waliondoka wakilia, lakini waliondoka wanajua.

Mafanikio mengine, ofisi ya utumishi ikiwa inasoma: ameanzisha hazina ya tishu ambayo watafiti wanaiombea ruhusa kutoka mbali. Ameandika makala ambazo hazijawahi kukanushwa, hasa kwa sababu huzikanusha mwenyewe kwanza. Amefundisha wataalamu wengi ambao sasa ni wakubwa kwao. Amemwaga sampuli zangu nyingi kuliko nilizobakiza.

Na kazi moja ambayo haimo kwenye maelezo ya cheo chake: kila mgonjwa anayeombwa kipande cha tezi kwa ajili ya utafiti, Mama Barafu humwendea wodini siku moja kabla ya upasuaji, akakaa kwenye ukingo wa kitanda. Kule ni mtu mwingine. Anaeleza polepole, anashika mkono wa bibi wa watu, anacheka. Wagonjwa humwamini upesi, kwa sababu moja ambayo kila aliyewahi kumwona anaijua na sisi tumechoka kuisema.

Mama Barafu mwenyewe ana rovu.

Siandiki siri. Halifichiki. Mtu aliyetumia nusu ya maisha yake akichunguza matezi yaliyovimba anatembea nalo shingoni mchana kweupe. Nilipoanza kazi lilikuwa uvimbe mdogo chini ya koo, ukilitazama kwa ubavu tu ndipo unaliona. Lilikua tukilitazama. Sare zake zilianza kuachwa wazi kifungo cha juu, kisha cha pili, kisha akaacha kuvaa mkufu aliopewa na mumewe. Wodini anawaambia wagonjwa, "Hata mimi ninalo, mnaona?" nao wanatulia. Halafu kuna wenye akili huuliza, sasa mama, mbona wewe hujatolewa? Naye hujibu, "Zamu yangu bado." Zamu gani, na foleni anaipanga yeye?

Daktari wa upasuaji amesema mpaka povu likamtoka. "Nimepasua shingo za nusu ya mji huu," aliwahi kulalamika kwenye kikao, "na rovu kubwa kuliko yote napishana nalo kila asubuhi koridoni, linanisalimia." Alimpangia tarehe, Mama Barafu akapiga kalenda. Kwanza ilikuwa mashine mpya inakuja, hawezi kukosekana. Kisha majokofu yanahamishwa jengo. Kisha binti yake anaolewa. Kisha binti yake amejifungua. Kisha ikawa hoja aliyoiona haina jibu: yeye akiwa amelala mezani, nani atasimama mlangoni kupokea kipande chake? Maana fomu ya kutoa tishu yake kwa utafiti alishaisaini zamani, wa kwanza kabisa, na hakuwa tayari kuona rovu alilolilea miaka yote hiyo linaharibiwa na sisi wazembe. Nilimwambia nitasimama mimi. Alinitazama kuanzia viatu kwenda juu, akaenda zake.

Picha za shingo yake tunazijua, maana zilipigwa hapahapa. Njia ya hewa imesukumwa upande na kubanwa. Mumewe anasema amekuwa akilala ameegemea mito, karibu ameketi. Sisi tunamwona kwenye ngazi. Akifika ghorofa ya kwanza anasimama kwenye ubao wa matangazo, anasoma kwa makini, kisha anaendelea. Kuna tangazo la mafunzo ya zimamoto pale ambalo amelisoma kuliko aliyeliandika. Mafunzo yenyewe yalishapita. Siku moja nilisimama kando yake tukalisoma wote wawili mpaka pumzi yake ikarudi, na nikashuka kwenda chooni kupiga teke ndoo. Fundi wa mabomba ni shahidi.

Tulidhani ni ubishi. Mimi nilidhani hivyo, na nilikuwa na ushahidi wa kutosha. Ni mumewe aliyenifumbua macho. Mzee huyu ni fundi umeme, mtu wa maneno machache, ambaye amevumilia mengi kuliko sisi sote kwa kuwa sisi saa kumi tunakwenda kwetu. Alikuja kutengeneza soketi ya jokofu moja, akamaliza, akawa anakunja waya ambao ulishakunjika. "Shemeji," akaniambia, "huyu haogopi kisu. Anaogopa kuamka bubu."

Hapo nikamkumbuka mwalimu.

Mwalimu alikuwa mgonjwa wetu, mwalimu wa darasa la kwanza, mwenye sauti ya kuita watoto kutoka uwanja wa pili. Neva inayoendesha sauti hupita nyuma kabisa ya tezi, na kwenye rovu lake ilikuwa imezingirwa pande zote. Daktari alifanya kila linalowezekana. Ni jambo linalotokea mara chache, na kila mgonjwa huambiwa kabla hajasaini. Mwalimu naye aliambiwa. Ila Mama Barafu, pale kwenye ukingo wa kitanda, alimwongezea maneno yake mwenyewe: utaamka na sauti yako. Aliamka na mnong'ono. Hospitali haikulaumiwa na mtu, mwalimu mwenyewe hakulaumu. Lakini tangu siku ile Mama Barafu hajawahi kumwambia mgonjwa yeyote maneno hayo. Kila mwisho wa mwezi huenda kwa mwalimu, hukaa naye jikoni, hurudi akiwa na hasira na sisi. Na ukizifuatilia zile tarehe zilizopigwa kalenda, nyingi na zenye visingizio vibovu zaidi ni za baada ya hapo. Sisi tulio mabingwa wa kulinganisha kabla na baada hatukuliona.

Nilifanya kitu ambacho hakimo kwenye mwongozo wa utumishi. Mwalimu alipokuja kliniki kwa ukaguzi wake wa kawaida, nilimsubiri nje nikamweleza yote: picha, mito, ngazi, tangazo la zimamoto, na hofu ya kuamka bubu kama yeye. Alinisikiliza, akafunga mkoba wake, akapanda moja kwa moja mpaka kitengoni. Mama Barafu alikuwa koridoni akimfokea mtu kuhusu glavu. Mwalimu akasimama mbele yake, akaanza kusema, na ikabidi sote tunyamaze, na mashine ya kuzungusha mirija izimwe, ili tumsikie.

"Unakuja kwangu kila mwezi kunionea huruma," alinong'ona. "Sijakuomba. Mimi nafundisha. Nina filimbi, nina ubao, na watoto wangu wamejifunza kusikiliza kuliko darasa lolote pale shuleni. Usiku nalala chali. Napumua. Wewe hupumui, halafu iwe ni kwa sababu yangu. Usinifanye mimi kisingizio chako."

Mama Barafu alisahau habari ya glavu. Alikuwa anaogopa. Hofu ilionekana wazi usoni, mbele ya watu, na hakujua aiweke wapi. Mwalimu akamshika mkono, kwa namna ileile ambayo Mama Barafu huwashika wagonjwa, wakasimama hivyo. Mwishowe Mama Barafu akasema, "Haya. Nikistaafu."

Mwalimu alishukuru. Mimi sikushukuru, maana "nikistaafu" kwa lugha ya huyu mama ni ndugu yake "zamu yangu bado". Nilikwenda kwa daktari wa upasuaji dakika hiyohiyo. Mezani pake tukaandikisha kitanda na chumba kwa jina la Mama Barafu, Jumatatu ya kwanza baada ya kustaafu, mtaalamu wa usingizi akajulishwa, mume akajulishwa. Binti naye amekuja tangu juzi na mtoto wake. Wiki iliyopita Mama Barafu alijaribu mara ya mwisho. Aliingia ofisini kwa daktari akasema jokofu namba mbili linapiga kelele zisizo za kawaida, labda tusogeze kidogo. Daktari hakuinua hata kichwa. "Jokofu tutalipasua Jumanne," alisema. "Jumatatu ni wewe."

Tangu hapo amehamishia hasira zake kwangu. Wiki hii yote amenifundisha jinsi ya kupokea kipande chake, kana kwamba sijawahi kuona tishu. Nisimame upande upi wa mlango. Kipande kitoke upande wa kulia wa tezi, si wa kushoto, kwa sababu wa kushoto una maji. Nisikae. Nisiongee na mtu. Nikisikia "Mshipa!" nianze kuhesabu, na nisijifanye nimesikia kama sijasikia. Amenifanyisha mazoezi kwa kipande cha sifongo, akakikataa, akanirudisha mlangoni. Akakikataa tena. Wafagiaji walikuwa wanapita wakinipa pole.

Basi, Mama Barafu. Wasifu huu unasomwa ukiwa umekaa meza kuu, kuna wageni, kuna mkurugenzi, na itifaki inakutaka utulie mpaka msomaji amalize. Sina hakika kama nitapata nafasi kama hii tena, kwa hiyo naitumia. Nataka wote waliomo ukumbini wajue kwamba ni Jumatatu, tarehe 3 Agosti, asubuhi. Ukipotea, watu wote hawa watakutafuta. Mumeo ameshapanga begi lako na amelificha usilione.

Jambo la pili hukulijua mpaka sasa. Sitakuwa mlangoni. Mtungi nimemkabidhi mwenzetu wa mashine ya kukatia tishu, ambaye ulimfundisha mwenyewe, ambaye sampuli zake hujawahi kumwaga, na ambaye hakulia siku aliyofika. Kipande chako kitagandishwa inavyopasa. Jeni zako zitapimwa, namba itabandikwa kwenye chupa kama ya mtu mwingine yeyote, na tutaona hicho kilichotusumbua miaka yote kilikuwa kinafanya nini humo ndani. Lakini mimi nimeomba kiti katika chumba cha kuzindukia, kando ya mumeo.

Kwa niaba ya kitengo, wodi, chumba cha upasuaji na kantini: ahsante kwa kila kazi uliyoturudishia tuifanye upya. Tunakuombea afya, usingizi wa kulala chali, wajukuu, na siku nyingi za kupanda ngazi bila kusoma matangazo. Jumatatu utafumbua macho utanikuta nimekaa, mikono mitupu, kazi yako nimemwachia mtu mwingine, na utakasirika. Kasirika, mama. Nifokee mbele ya wauguzi wote, kwa sauti yako ileile. Na kama itatoka kwa kunong'ona, nitainama nilete sikio karibu, unifokee hivyohivyo.